Nguvu za Kiume: Uhakiki wa Lugha ya Tiba ya Maradhi ya Wanaume

Miongoni mwa matini za Kiswahili zisomwazo kila siku katika miji ya Kenya, imo moja ambayo wataalamu wa lugha huipita njiani bila ya kuiita matini. Hupigiliwa misumari kwenye miti na nguzo za umeme, hubandikwa katika vituo vya matatu, na kuandikwa kwa rangi katika kuta za vichochoro. Ni tangazo la mganga. Maneno yake ni machache: cheo cha mganga, mahali atokako, orodha ya shida azitatuazo, nambari ya simu. Orodha hubadilika kutoka kibao hadi kibao, lakini kipengele kimoja ni nadra kukosekana, nacho ni nguvu za kiume.

Makala haya hayakusudii kuwacheka waganga wala kuwahukumu wanaowaendea. Linalokusudiwa ni kulichunguza fungu hilo la maneno kama mhakiki anavyoichunguza istiari katika shairi: limejengwaje, limesukuma nje maneno gani, linaficha nini, na maficho hayo yanamfaa nani. Hoja yenyewe yaweza kutajwa mapema. "Nguvu za kiume" ni istiari iliyotumika hata ikasahauliwa kuwa ni istiari, ikageuka kuwa jina la ugonjwa. Chini ya jina hilo moja yamekusanywa maradhi yasiyopungua matano, kila moja na chanzo chake. Mwanamume alipokeaye jina hilo hutoka kwenda kutafuta nyongeza ya nguvu, pale ambapo ilimpasa kutafuta chanzo cha maradhi. Kwa kawaida kosa la istilahi hulipiwa kwa hoja mbovu darasani. Hili hulipiwa kwa mwili.

Kwanza itazamwe fani, kwa maana kibao cha mganga kina fani iliyokomaa. Mganga wa kibao hatoki pale kilipo kibao. Katika Nairobi atatoka Tanga, Pemba au Kitui, na katika miji ya Tanzania atatoka mbali zaidi. Jina la mahali hapa si jiografia bali ni sifa, sawa na sifa anazojivika mtambaji wa masimulizi anapoanza kwa kusema kwamba hadithi yake imetoka ng'ambo. Cheo nacho hukopwa kokote kule chenye heshima: daktari, profesa, sheikh, mzee. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni mpangilio wa orodha. Nguvu za kiume huwekwa baina ya kumrudisha mpenzi aliyetoroka, kushinda kesi mahakamani, kufaulu mtihani na kupata kazi. Hazipangwi na kisukari wala na shinikizo la damu. Kwa hiyo orodha ni hoja isiyojitangaza. Inamwambia msomaji kwamba udhaifu wake ni wa jamii moja na mkosi, husuda na maadui, na kwamba dawa yake ni ile ile iwarudishao wapenzi. Msomaji hakushawishiwa kwa neno hata moja. Ameshawishiwa na ujirani wa maneno.

Kibao kina ndugu yake wa sauti, naye ni mchuuzi wa dawa za miti sokoni, ambaye hutandika gunia lake na kupanga mizizi, magome na chupa za asali. Mwenye kutaka kusikia fasihi simulizi ingali hai na amsikilize mtu huyu. Haanzi na ugonjwa, huanza na mzaha. Humleta jogoo asiyeweza kupanda mtungi, taswira ambayo kila msikilizaji wa pwani ameielewa kabla haijamalizika, na wanaume waliosimama kana kwamba wanapita tu hucheka. Kicheko ndicho kibali chao cha kubaki. Anapopita mwanamke mtu mzima, mchuuzi hugeuza maneno mara moja akaanza kuisifu dawa kwa mgongo na kiuno, na hadhira yake haipotezi maana, kwa kuwa mgongo na kiuno ni tafsida ya jambo lile lile. Hapana kijikaratasi cha hospitali chenye ustadi wa namna hii. Mwenye kijikaratasi huanza kwa istilahi na humkuta msomaji wake amekwisha kuona haya. Mchuuzi humvusha haya kwanza, kisha ndipo amtajie bei. Uhakiki wowote wa lugha hii usiokiri ubora wake wa kisanaa utakuwa umekosa haki.

Lakini usanii ni jambo moja na ukweli wa jina ni jambo jingine. Neno nguvu katika Kiswahili lina tabia yake ya kisarufi na kisemantiki. Nguvu hupungua, huisha, huongezwa, hurudi. Ni kitu chenye kiasi, kama maji mtungini. Maradhi hayana tabia hiyo: huingia, huambukiza, huzidi, hutibiwa, huponywa. Anayesema kwamba mtu amepungukiwa na nguvu amekwisha kuchagua vitenzi vitakavyofuata, na miongoni mwa vitenzi hivyo hamna "kupima" wala "kuchunguza". Mtungi ulioishiwa maji haupimwi, hujazwa. Mtu aweza kupinga kwa kusema kwamba Kiswahili husema pia nguvu za macho, na mwenye kupungukiwa na nguvu za macho huenda akapimwa miwani bila ya tatizo lolote. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake limo katika neno la pili. Macho ni kiungo. "Kiume" si kiungo bali ni hadhi. Mwenye macho dhaifu amepungukiwa katika macho yake. Mwenye kuambiwa kwamba nguvu zake za kiume zimepungua ameambiwa kuwa amepungukiwa katika uanaume wake wote: kauli yake nyumbani, nafasi yake barazani, haki yake ya kuitwa baba fulani. Ndiyo maana hawezi kulitaja tatizo bila ya kujishusha, na ndiyo maana hulitaja kwa mtu asiyemjua, chini ya mti, badala ya kulitaja kwa tabibu mwenye daftari.

Hapa ipo haja ya kuyaweka wazi maradhi yanayokusanywa. Kuna mwanamume ambaye uume wake hausimami, au husimama usidumu. Kuna ambaye husimama vyema lakini shahawa humtoka mapema mno. Kuna ambaye mwili unaweza ila hamu imemwondoka. Kuna ambaye hana hata moja katika hayo, lakini mbegu zake ni chache au ni dhaifu, na mkewe hashiki mimba. Na kuna wa tano, aghalabu mtu wa makamo na kuendelea, ambaye mkojo humsumbua usiku kwa sababu tezi iliyozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu imekua. Hawa watano husimama mbele ya gunia moja na kuuziwa chupa moja.

Msamiati wa zamani haukuwa maskini hivyo. Palikuwa na mgumba na tasa kwa wasiozaa. Palikuwa na ngiri kwa utumbo ulioshuka, busha kwa korodani zilizojaa maji, kisonono na kaswende kwa magonjwa ya zinaa, na tego kwa maradhi yaliyosadikiwa kumpata mgoni kwa kuingia katika mtego wa mume mwenzake. Kweli majina haya yalishikamana na maelezo yasiyo sahihi. Watu wa pwani wengi wameamini kwamba busha huletwa na wingi wa madafu, kumbe huletwa na vijidudu vya matende vienezwavyo na mbu, na tiba yake ni upasuaji. Ngiri nayo hadi leo hushutumiwa kwa udhaifu ambao mara nyingi si wake. Hata hivyo, lugha iliyokuwa na majina saba yenye sababu mbovu ilimwachia mtu nafasi ya kusahihishwa, kwa kuwa sababu ya jina moja yaweza kubadilishwa bila ya kuyagusa mengine. Lugha yenye jina moja lisilo na sababu yoyote haina pa kushikwa.

Neno la zamani lililo karibu zaidi na kiini cha jambo ni hanithi, nalo lastahili kusimamiwa kidogo. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ulaini na kujifananisha na wanawake. Katika Omani neno hilo limebaki na maana ya kijamii: uchunguzi wa Unni Wikan uliofanywa Sohar na kuchapishwa mwaka wa 1977 ulilieleza kuwa ni jina la mwanamume mwenye nafasi baina ya wanaume na wanawake. Kiswahili kililipokea neno, kikaliongezea maana nyingine, yaani mwanamume asiyeweza kumwingilia mwanamke, na maana zote mbili zikakaa katika neno moja na kugeuka tusi. Kwa njia hiyo mgonjwa na mtu wa tabia fulani wakafungwa kamba moja. Mtu aliyepatwa na kisukari akiwa na miaka hamsini hawezi kujiita hanithi kwa tabibu, kwa maana atakuwa amekiri jambo ambalo halikuulizwa. Hapana shaka kwamba "nguvu za kiume" lilipata soko kwa kuwa lilikuwa laini kuliko tusi hilo. Lilikuja kama tafsida, na tafsida hustahili shukrani pale inapomwezesha mtu kusema. Ubaya wa tafsida hii ni kwamba inamwezesha kununua kabla ya kusema.

Ajabu ni kwamba sheria ya dini, ambayo wengi huidhania kuwa kali, ilikuwa na lugha ya makini zaidi. Fiqhi ina jina mahususi la mume asiyeweza tendo la ndoa, innini, nalo si hanithi wala si huntha, yaani mwenye jinsia mbili. Mke akimshitaki mume wake kwa jambo hilo, kadhi hamvunjii ndoa siku hiyo wala hamtukani mume. Humpa muda wa mwaka mmoja. Sababu waliyoitaja mafakihi ni ya kitabibu: mwaka una majira manne, na ikiwa udhaifu umetokana na baridi, joto, ukavu au unyevu wa mwili, basi mojawapo ya majira litauondoa. Elimu ya tabia nne imekwisha kupitwa, lakini utaratibu wenyewe una busara. Unakiri kwamba hali hii yaweza kuwa maradhi, kwamba maradhi yana chanzo, na kwamba chanzo huchukua muda kudhihirika. Mchuuzi wa sokoni huahidi siku tatu.

Utabibu wa leo umekifafanua chanzo hicho kwa namna ambayo inalitia neno nguvu katika aibu kubwa zaidi. Kusimama kwa uume si kazi ya misuli wala ya nguvu. Ni kazi ya kulegea. Mishipa midogo ya damu hupata amri kutoka kwa neva, kuta zake zikalegea, damu ikaingia na kuzuiwa isitoke. Amri hiyo hupelekwa na hewa iitwayo oksidi ya nitriki, na wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998 kwa kugundua kazi yake katika mishipa ya damu. Mwaka huo huo dawa ya sildenafil, ambayo awali ilijaribiwa kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, iliruhusiwa kutumika Marekani kwa udhaifu wa uume. Mambo haya mawili hayakukutana kwa sadfa tupu. Mishipa ya uume ni ya jamii moja na mishipa ya moyo, ila ni myembamba zaidi, kwa hiyo huziba au kuharibika mapema. Kisukari, shinikizo la damu, uvutaji wa sigara na mafuta katika damu huweza kujionyesha chumbani miaka kadhaa kabla ya kujionyesha kifuani.

Hapo ndipo uzito wa suala la jina unapoonekana. Mwanamume wa miaka arobaini na mitano anayeona badiliko hili amepata onyo, huenda likawa la pekee, kwamba mishipa yake inaharibika. Akiwa na jina linalosema kwamba hii ni dalili, ataliuliza onyo hilo linatoka wapi. Akiwa na jina linalosema kwamba nguvu zimepungua, ataziongeza. Na hatari huzidi pale chupa inapokuwa na athari, kwa maana katika nchi nyingi wakaguzi wa dawa wamezikuta dawa zinazouzwa kwa jina la mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil yenyewe au jamaa zake. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akinywa mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu laweza kushuka ghafla hata kumwua. Atakuwa amekufa akiamini kwamba alikunywa mizizi.

Kusema hivi si kuishutumu mizizi. Elimu ya miti ya Afrika Mashariki ni elimu, na wasomi wameitambua zamani. Kitabu cha J. O. Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka wa 1976, na pale Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa tiba ya asili kilianzishwa mwaka wa 1974. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka wa 2002, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 ina sehemu inayohusu tiba za jadi. Miti ina majina mazuri kuliko maradhi inayoyatibu. Mfano mzuri ni muiri, kama Wagikuyu wauitavyo, mti wa milima ya Kenya ambao gome lake limekuwa likisafirishwa Ulaya kwa miongo mingi kutengenezea dawa za tezi ya kibofu iliyokua. Ukataji ulizidi hata biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka wa 1995. Wanunuzi wa Ulaya hawakuuita muiri dawa ya nguvu. Waliutaja kwa kiungo na kwa maradhi, na kwa kuutaja hivyo waliweza kuuliza kama unafanya kazi.

Mfano wa pili ni mukombero, mzizi utafunwao na Waluhya wa upande wa Kakamega, wenye harufu tamu kama vanila, ambao leo huuzwa na vijana katika mitaa ya Nairobi na kusifiwa kwa lile lile jambo moja. Mzizi huu umefanyiwa majaribio kwa panya na watafiti wa Kameruni, na matokeo yake ni kama fumbo lililotungwa kwa ajili ya makala haya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 mzizi ulionekana kuiongeza homoni ya kiume. Katika utafiti wa awali, uliochapishwa mwaka wa 2001, ulionekana kuzuia utengenezaji wa mbegu na kuwapunguzia panya madume uwezo wa kuzalisha, hali iliyorudi kuwa ya kawaida dawa ilipoachwa. Namna ya kuukamua mzizi haikuwa moja, na panya si watu. Lakini na aulizwe mtetezi wa jina la nguvu: je, mzizi huu waongeza nguvu za kiume, au wazipunguza? Kwa mtu wa kwanza katika wale watano jibu laweza kuwa moja. Kwa mtu wa nne, yule ambaye mkewe hashiki mimba, laweza kuwa kinyume chake. Swali haliwezi kujibiwa, si kwa sababu sayansi imeshindwa, bali kwa sababu swali limeulizwa kwa neno bovu.

Mtu huyo wa nne anadai nafasi zaidi, kwa kuwa kwake ubovu wa lugha humwangukia mtu mwingine. Takriban nusu ya ndoa zisizopata mtoto huwa na kasoro upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Lakini neno tasa katika matumizi ya kila siku huelekezwa kwa mwanamke, na mwanamume ambaye "nguvu" anazo huhesabiwa kuwa amekwisha kutoa ushahidi wake. Fasihi andishi haikusaidia sana. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka wa 1858, alimpa binti yake mafunzo marefu ya namna ya kumtunza mume. Mwili wa mume hapo ni wa kuhudumiwa na haumo katika mambo ya kuulizwa. Zaidi ya karne moja baadaye, Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971 na kuzuiwa kutumika shuleni Tanzania kwa uwazi wake, iliuweka mwili wa Rosa katika mizani na kumfikisha kifoni, ilhali miili ya wanaume wanaopita maishani mwake haikupimwa na yeyote. Yamkini Kezilahabi alikusudia hasa kuonyesha dhuluma hiyo. Lakini riwaya ambayo mwanamume ndiye apimwaye, na si kwa kuchekwa bali kwa huruma, ingali deni la waandishi wa Kiswahili. Lugha ina methali inayofaa kuwa mlango wa riwaya hiyo: mficha uchi hazai. Kwa desturi huambiwa mwanamke aonaye haya mbele ya mkunga. Mume ambaye hataki mbegu zake zipimwe angeweza kuambiwa maneno hayo hayo bila ya kubadilisha silabi moja.

Pana pia jambo la uchumi, ambalo wahakiki wa kizazi kilichopita wangelianza nalo na ambalo hapa litaguswa tu. Soko la nguvu limenawiri katika miji ambamo vijana wengi hawana kazi ya kudumu wala ardhi. Si bure kwamba lugha ya mtaani hutumia "kazi" kwa tendo la ndoa na kwa kibarua pia. Mtu aliyenyang'anywa nguvu zote nyingine huuziwa hii moja kama bidhaa.

Lawama iliyobaki haiwezi kuwekwa mlangoni pa mchuuzi. Inawahusu watunga kamusi, wafasiri na walimu wa lugha. Wafasiri wa maandishi ya afya wamelichukua fungu la mganga kama lilivyo na kuliweka katika vijikaratasi vya zahanati, wakidhani wamepata istilahi ya wananchi. Wameleta kibao ndani ya hospitali. Mahali pengine wamefanya kosa la namna nyingine. Katika Tanzania, "tezi dume" limeundwa kuwa jina la kiungo, nalo ni jina zuri. Lakini limeenea kwa njia ya matangazo ya saratani bila ya kufundishwa kwanza kama kiungo, na leo ni jambo la kawaida kusikia kwamba mzee fulani "ana tezi dume", kana kwamba yuko mwanamume asiyekuwa nayo. Kiungo kimekuwa ugonjwa. Huku Kenya "tezi kibofu" linaelekea njia hiyo hiyo. Istilahi haikamiliki kwa kuundwa. Huhitaji sentensi za kuizunguka, na sentensi hizo hazikuandikwa.

Maneno ya kuanzia yapo. "Uume kutosimama" ni sahihi na huweza kuandikwa katika kitabu cha kufundishia wauguzi, ingawa hauwezi kutamkwa na binti wa miaka ishirini na mitano mbele ya mtu aliye rika la babaye. Kwa mazungumzo ya namna hiyo Kiswahili kina neno jingine ambalo mganga hakulitumia, kwa kuwa halina la kuuza: unyumba. Neno hili halimo katika mwili wa mwanamume peke yake wala katika hadhi yake. Limo ndani ya nyumba yenye watu wawili, na mambo ya nyumba huulizwa bila ya kumvunjia mtu heshima. Muuguzi aliyekwisha kuamkia na kuitikiwa marahaba, na kuuliza habari za usingizi na za mkojo, aweza kuendelea: "Na unyumba, mzee, mwaendeleaje?" Swali hilo huacha nafasi ya jibu la aibu na la fahari, na hata la mzaha. Kisha huruhusu maswali yafuatayo, ambayo ndiyo kazi yenyewe: hali hii ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, ni dawa gani zinazotumiwa zikiwemo za miti, sukari imepimwa lini, na je, anapoamka alfajiri mwili wake huamka naye? Kwa maana ikiwa huamka alfajiri na kushindwa usiku, yaelekea mishipa na neva ni mizima na taabu imo moyoni au katika ndoa. Na ikiwa hauamki hata alfajiri, damu na sukari yake ipimwe kabla ya jambo lolote jingine.